Kitunguu cha Saa Kumi

Zihalirwa amepiga simu kutoka Goma:
"Niko botini. Saa kumi nitakuwa kwako."
Mtandao ukakata hapo hapo,
kama yeye mwenyewe alivyokata
miaka sita iliyopita, kwa ajili ya kiwanja cha mama
kule Panzi, mita kumi na mbili kwa ishirini,
nusu yake mteremko.

Nikashuka Kadutu kwa miguu.
Sambaza sahani mbili, macho yangali yakimeta.
Vitunguu vyekundu, fungu la vinne,
na Mama Cibalonza akatupia cha tano, kidogo,
kimechunika begani: "Hicho matabishi."
Siki nimeinunua Nyawera
kwa kijana anayeiita vinegre
na kuipanga pamoja na dawa za kusafisha vioo.

Mama hakuwa mtu wa haraka.
Vitunguu vyake vilikaa juu ya kabati wiki tatu
pamoja na pilipili na ndimu iliyopasuliwa,
na mtoto aliyegusa mfuniko
alijulikana kwa harufu ya vidole.
Wiki tatu sina.
Nina saa moja na dakika chache,
umeme umekwenda tangu Jumanne,
na makala yamelowa upande mmoja.

Namenya. Nakata.
Habari ya machozi sitaisema,
kila mtu ameshaisema.
Nakata vyembamba mpaka ubapa wa kisu
uonekane ng'ambo ya nyama,
pete ndani ya pete ndani ya pete,
na ile ya katikati kabisa haina tundu,
haifai kuvishwa mtu.

Chumvi kijiko. Sukari viwili,
sukari iliyovuka Ruzizi chini ya kitenge cha mtu.
Siki kikombe, maji kikombe kutoka bidoni la manjano,
pilipili manga nimezihesabu kumi na moja
bila sababu.
Sufuria inapoanza kunong'ona naiepua,
nisije nikaivuta harufu ile kifuani
nikakohoa kama mdaiwa.
Namimina ndani ya bokali la mayonezi
ambalo karatasi yake imekataa kubanduka.

Sasa tazama.
Zambarau inahama kwenye kingo za pete,
inaingia majini polepole,
maji yanaona haya,
na kitunguu, kilichokuwa kigumu,
kinalegea kiuno.
Ukali haujatoka. Umehamia kwenye maji.

Saa kumi. Hakuna mtu.
Saa kumi na moja, mvua ya Muhungu,
ile inayoteremka na udongo wa majirani.
Nimeonja pete moja. Nimeonja ya pili.
Nimesimama nikala sita kwa vidole
nikisema namwonjea mgeni.

Kumi na mbili kasoro mlango ukagongwa.
Viatu vyake matope matupu,
kichwani mvi ambazo sikumwachia,
kwapani jibini ya Masisi imefungwa kwa gazeti.
"Boti ilizima mara mbili," akasema.
Nikasema, "Nawa mikono."

Sambaza zikaruka mafutani.
Bugali ukageuka, ukatulia.
Alikula akiwa ameinama, bila neno,
pete za waridi zikining'inia kidoleni,
na vilipokwisha akainua bokali kwa mikono miwili,
akayanywa yale maji,
yote, hadi pilipili manga zikagonga meno,
akafumba jicho moja.
Jicho la kushoto.
Hivyo hivyo mama alivyokuwa akifanya
akidhani tumelala.

"Ungeacha wiki tatu," akasema.
"Ungepiga simu wiki tatu kabla," nikasema.

Kiwanja hakikutajwa.
Alilala sebuleni, miguu ikizidi kochi.
Mimi nikaosha bokali, na karatasi
ikabanduka yenyewe kwenye maji ya moto.
Dirishani kile cha matabishi, nilichosahau kukikata,
kilikuwa kimeanza kutoa ulimi wa kijani
kuelekea upande wa ziwa.